Mbao Kumi na Moja za Adelina Komba

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una chai mkononi, iweke mezani, maana habari ya leo inataka utulivu. Tunamkumbuka Adelina Komba wa Mbagala, aliyefariki Juni mwaka huu akiwa na miaka sitini na saba. Majirani walimwita Mama Jesca. Alikuwa karani wa ghala. Uzeeni akawa mchoraji. Na uchoraji huo nusura umkoseshe watu wa kumzika.

Tuanze na ghala. Adelina alitoka Mbinga akiwa binti, akaajiriwa kwenye kiwanda cha nguo Chang'ombe. Kwa miaka thelathini na moja aliandika majina ya rangi za vitambaa: nyekundu iliyoiva, kijani cha chupa, bluu ya bahari. Vitambaa vyenyewe vilimpita vimefungwa kwenye marobota. "Nimeziandika rangi mpaka kidole kimeota sugu," alimwambia binti yake, "lakini sijawahi kuzishika."

Alistaafu na miaka sitini. Mwaka uliofuata fundi akaja kupaka nyumba, akabakiza makopo matatu nusunusu. Adelina akachukua kipande cha plaiwudi ajaribu rangi ya mlango. Akapaka nyekundu. Akaburuza kitana cha nywele juu yake. Akamwagia nyeusi kidogo, akaifuta na kipande cha kanga kuukuu. Mlango akausahau. Maharage jikoni nayo yakaungua.

Hakufundishwa na mtu. Hakuchora mti, wala nyumba, wala wale twiga wa kuuzia watalii. Alichora rangi tu, zinasukumana, zinapishana. Ukimuuliza hiki ni nini, anakwambia ngoja nimalize. Akimaliza bado hajui, na anacheka. Kwa miaka sita alichora mbao kumi na moja. Kumi na moja, msisahau. Zote zilikaa ukutani sebuleni.

Sasa, Adelina alikuwa Mkatoliki, na mnaojua mnajua. Kuna jumuiya ya mtaa, zile familia chache zinazosali pamoja kila Jumamosi, kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Ukiugua, jumuiya ndiyo inakuja. Ukifa, jumuiya ndiyo inalala msibani, inaimba, inabeba jeneza. Usipohesabika humo, mwanao atatafuta wabebaji barabarani. Kwa hiyo kila zamu ya Adelina ilipofika, alizishusha mbao zake akazificha chumbani. Mwaka jana, Oktoba, akachoka kuficha. Akaziacha ukutani.

Watu wakaja, wakakaa, rozari zikaanza. Midomo inasali, macho yako ukutani. Mmoja akaona nyoka. Mwingine akaona jeneza. Marietha, jirani wa ukuta kwa ukuta, akaona macho mawili yanamtazama. Picha hazikuwa na kitu, wasikilizaji, kila mtu akatia chake. Wiki hiyohiyo mjukuu wa Marietha akashikwa na degedege. Mtoto alipelekwa hospitali akapona. Maneno hayakupona. Ikasemwa kwamba Mama Jesca anafuga vitu kwenye mbao.

Mwenyekiti wa jumuiya, mzee Fransis, akabisha hodi. Alikaribishwa kiti, hakukaa. "Mama Jesca," akasema, "sisi hatukufukuzi. Ila siku ya siku, usije ukatushangaa."

Adelina alielewa. Moyo ulikuwa unamsumbua mwaka wa pili, na kila mwezi alikwenda kliniki. Siku ya siku haikuwa mbali. Jumamosi iliyofuata alikwenda kusali, na pande zote mbili za mkeka wake pakabaki wazi. Jumamosi ya pili hakuna aliyemwambia zamu iko kwa nani. Alivaa, akakaa kitandani na rozari yake mpaka jua likawa kali.

Jesca, binti yake wa pekee, ni mwalimu, anaishi Goba. Alipopata habari alikuja mara tatu kumsihi mama yake azichome hizo mbao yaishe. Mara ya tatu alilia. Alimwambia hawezi kumzika peke yake. Adelina akamjibu, "Hawa watu watanizika siku moja, Jesca. Hizi mbao naishi nazo kila siku."

Ikafika Januari, siku ya kliniki. Mama alipotoka tu, Jesca akaingia na kopo la rangi nyeupe ya dari na rola. Alipaka harakaharaka, kama mtu anayezima moto. Ubao wa kwanza, wa pili, wa tano. Kufikia adhuhuri zote kumi na moja zilikuwa nyeupe.

Saa nane Adelina akarudi na mfuko wa dawa. Akasimama mlangoni.

"Nilisubiri anifokee," Jesca anatusimulia. "Hakunifokea. Alikwenda kwenye ubao wa karibu, akaugusa, akatazama kidole chake. Akaniambia, 'Umeniandalia mazishi mazuri, mwanangu.' Halafu akaniuliza kama nimekula."

Rangi ilipokauka, Adelina alizitundika tena, kila ubao kwenye msumari wake. Habari zikaenea mtaani, jumuiya ikarudi. Mzee Fransis akasifu jinsi sebule ilivyopata mwanga. Adelina akawapa chai. Jesca alimletea brashi mpya na rangi nzuri za dukani, na mfuko haukufunguliwa. Aliishi miezi mitano bila kuchora. Nawaambia ukweli, hapa pananiuma, na sina namna ya kupapamba.

Akafariki. Na jumuiya ikaja yote. Kinamama walilala kwenye mikeka siku tatu. Waliimba mpaka sauti zikakauka. Vijana waligombania jeneza. Mzee Fransis alisoma salamu, akamwita mwanajumuiya mwaminifu. Marietha alilia kuliko wote, na nadhani alilia kweli. Hakukosekana mtu.

Kwako Jesca, pole sana. Kwa ukoo wa Komba, hapa mjini na kule Mbinga, poleni. Nanyi wanajumuiya, poleni pia, mmefiwa. Mungu ampumzishe Adelina mahali pema.

Na sie tuliobaki, tufikiri. Ukimwona jirani anafanya jambo usilolielewa, muulize yeye, usiwaulize wengine. Muulize na ukae usikie jibu.

Wiki iliyopita tulikwenda Mbagala kurekodi kipindi hiki. Mbao bado ziko ukutani. Redio haina picha, kwa hiyo nilimwomba Jesca atueleze ubao mmoja tu, ulivyokuwa kabla ya ile rangi nyeupe, ili nanyi muuone. Akaanza. Akasema kulikuwa na nyekundu. Akaugusa ubao mweupe, kisha akanirudishia maikrofoni.

"Samahani," akasema. "Nilizifuta zote, na sikuwahi kuutazama hata mmoja."