Mume Wangu wa Dirishani

Kwenye gari la Musoma, mzee aliyekuwa na jibu la kila jambo tangu tutoke Bunda alimuuliza mama aliyekaa naye kama mumewe ni mkulima.

"Alikuwaga muuguzi wa usingizi, wa kulaza wagonjwa wa upasuaji," alisema mama. "Wakati wa korona aliwatia wagonjwa mpira kooni ili wapumue kwa mashine. Kazi hiyo unainamia kinywa cha mtu kabisa. Mmoja akamkoholea, na barakoa aliyovaa ilikuwa ya jana."

"Angekataa tu, mwanangu."

"Mtu hapumui, baba, akatae vipi? Nyumbani alihamia chumba cha uani asituambukize. Jioni tuliongea dirishani. Nikinyoosha mkono, anarudi nyuma. Kisha akaugua, wakampeleka hospitali, akafia huko. Sikumgusa tena."

Mzee akatazama ng'ombe waliokuwa wakivuka barabara. "Hata hivyo angekataa," alisema, safari hii polepole.

"Hata mimi nilimwambia. Mpaka leo nikiwa jikoni peke yangu namwambia akatae."

Gari likasimama Bweri. Mzee akakunja miguu yake, akampisha mama ashuke.