Mama Wasiwasi, Mshauri wa Kompyuta Asiyeziamini Kompyuta

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika maabara ya hospitali yetu, Mama Wasiwasi anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Barua ya kustaafu ilipomfikia aliisoma, akaigeuza, akachunguza na upande wa nyuma ambao haukuwa na neno, kisha akauliza, "Nani ameithibitisha hii?"

Jina lake halisi wanalijua watu wa mishahara. Sisi wengine tulilisahau zamani. Alibatizwa Mama Wasiwasi akiwa bado mgeni kwenye meza ya vipimo, siku alipokataa kusaini jibu la damu ambalo kila mtu aliliona sawa. Alirudia kipimo, akarudia tena, wenzake wakaanza kunong'ona kwamba anajipendekeza. Mwishowe ikagundulika kuwa chupa mbili zilibandikwa majina yasiyo yake. Mgonjwa mmoja akaepushwa na dawa asiyoihitaji, na mwenzetu akapata jina la maisha. Hakukasirika. "Wasiwasi ndiyo akili," alisema, akarudi kwenye hadubini yake.

Alianza kwa kuosha vioo, akajiendeleza kimasomo, akawa fundi sanifu wa maabara na hatimaye msimamizi wa zamu. Vijana aliowafundisha wametawanyika, baadhi yao leo ni wakuu wa maabara huko waliko, na tunasikia kwamba nao wananuniwa kwa kurudia vipimo. Ni yeye aliyeshikilia kwamba majibu yote yahifadhiwe kwenye diski mbili, vyumba viwili tofauti. Tulimwona msumbufu. Msimu ule wa mvua umeme ulipopiga na kompyuta kuu ikaungua, hakuna mgonjwa aliyepoteza jibu lake.

Lakini tusidanganyane. Wengi wenu mnaosoma jarida hili hamjawahi kuleta sampuli maabara. Mlileta kompyuta.

Mambo yalianza aliponunua kompyuta iliyotumika kutoka kwa mtu aliyeapa kwa mama yake mzazi kwamba ni kama mpya. Alipoifungua nyumbani alikuta memori ni nusu ya alivyoambiwa, na ndani ya feni ukoo mzima wa mende. Mwingine angelia. Yeye akaanza kusoma. Akajiunga na majukwaa ya wapenda kompyuta mtandaoni, akauliza, akajibiwa, na hakuamini jibu hata moja mpaka alipolijaribu kwa mikono yake. Mume wake, dereva mstaafu, alituambia kwamba nyumbani kwao televisheni imefunguliwa mara nyingi kuliko madirisha.

Saa ya chai, basi, foleni ilikuwa mlangoni kwake. Huyu kompyuta inazima yenyewe, yule intaneti inafika sebuleni lakini chumbani haiingii. Swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Nani amekuambia?" Ukijibu kwamba ni muuzaji, alitikisa kichwa kama aliyepokea habari za msiba. "Muuzaji ni shahidi wa upande mmoja." Dereva wa gari la wagonjwa alimletea chaja aliyohakikishiwa kuwa ni orijino. Aliipima kwenye kiganja, akasema orijino haiwi nyepesi kama maandazi ya jana, akamrudishia kwa vidole viwili. Mfamasia alitaka ushauri wa kununua kompyuta mpya kwa sababu ile ya zamani inajikokota. Alishauriwa kufuta vumbi na kubadilisha diski tu. Ilipona kabisa, na mfamasia alihuzunika, maana alikwisha kumtangazia mkewe.

Kuna kisa kimoja ambacho wengi mmekisikia nusunusu. Muuguzi wa wodi ya watoto ametupa ruhusa tukisimulie kizima.

Muuguzi huyu anaishi na mama yake mzazi, ambaye kiharusi kilimlegeza upande mmoja. Alikuwepo binti wa kazi wa kumtunza. Ili awe na amani akiwa zamu, muuguzi alinunua kamera ndogo, akaiweka kwenye rafu chumbani kwa bibi, akawa anachungulia kupitia simu. Mwanzoni ilikwenda vizuri. Kisha picha ikaanza kukatika, kila siku mchana, na kurudi alasiri kana kwamba hakuna lililotokea.

"Huyu binti anaizima," alimwambia Mama Wasiwasi. "Anamwacha mama peke yake, anakwenda anakokujua."

"Umemwuliza?"

"Nimemwuliza. Ameapa. Na ameapa haraka mno."

"Mshuku waya kwanza," alijibu Mama Wasiwasi. "Waya hauna watoto wa kulisha."

Akamshauri abadilishe waya. Picha ikaendelea kukatika. Akamshauri abadilishe kadi ya memori, kisha chaja, kisha nenosiri la intaneti, pengine jirani alikuwa anainyonya. Kila kifaa kilitoka na hati safi. Na hapo ndipo Mama Wasiwasi alipoanza kukosa usingizi, kwani kila alichokisafisha kilizidi kumchafua yule binti. Ushauri ulikuwa sahihi hatua kwa hatua, na mwisho wake ulikuwa kumfukuzisha mtu kazi. Muuguzi alikwisha kuamua: mwisho wa wiki, aende kwao. Binti naye hakuwa mjinga. Alikwisha kunusa, na nguo zake alizifunga.

Mama Wasiwasi aliomba jambo moja tu. "Niende nikaione hiyo kamera. Sampuli ambayo sikuichukua mwenyewe, jibu lake siliamini."

Alikwenda Jumamosi, bisibisi kwenye mkoba, muuguzi akiwa zamu. Alijifanya anarekebisha kisanduku cha intaneti ukumbini, huku mlango wa chumba cha bibi uko wazi na macho yake hayako kwenye kisanduku. Hatusemi uongo: alikuwa anamshuku binti, anamshuku jirani, anamshuku hata muuguzi. Mchana ulipoingia, binti alimfunika bibi shuka, akachukua beseni la nguo, akatoka kwenda kuanika uani. Alionekana dirishani, mikono yote miwili kwenye kamba.

Ndipo bibi, ambaye kila mtu alijua hawezi kugeuka bila kusaidiwa, alipochomoa fimbo chini ya blanketi kwa mkono wake mzima. Akainyoosha chini ya rafu, mahali ambapo jicho la kamera halikufika. Ncha ikaipapasa swichi ya soketi ukutani, ikaipata. Taa ya kamera ikafa. Bibi akatoa meno yake ya bandia, akayaweka kwenye glasi ya maji, akafumba macho.

Mama Wasiwasi aliingia polepole. "Shikamoo, mama."

Jicho moja likafunguka. "Marahaba. Umeona?"

"Nimeona."

"Basi nyamaza nayo. Nimezaa, nimelea, nimezika mume. Nikilala mchana nalala mdomo wazi, bila meno. Hakuna aliyewahi kuniangalia nikiwa hivyo ila marehemu baba yao. Sasa nilale nakodolewa na jicho la plastiki? Nikiamka naiwasha. Nani amedhurika?"

"Binti amefunga nguo zake, mama."

"Anakwenda wapi?"

"Anafukuzwa. Wanasema yeye ndiye anayeizima."

Bibi aliitazama fimbo. Uani kamba ilikuwa inalia kwa uzito wa mashuka.

"Na hakuniambia," alisema. "Asubuhi amenichana nywele, hakuniambia." Kisha akanyoosha mkono. "Nipe meno yangu. Na unipigie mwanangu simu."

Muuguzi alipofika, bibi hakumpa nafasi ya kuvua viatu. Yaliyosemwa kati ya mama na mwana tumeombwa tuyaache humo chumbani. Tunachojua ni kwamba muuguzi alitoka, akaenda uani, akamwomba binti radhi mbele ya nguo zilizoanikwa. Binti alianua soksi, akaikunja, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nitakaa, dada," alisema. "Lakini hilo jicho nalo lifunge mizigo."

Lilifunga. Kamera ililetwa kwetu, na Mama Wasiwasi akaielekeza kwenye kipimajoto cha friji ya dawa za vipimo, ambacho, alivyosema, hakina aibu. Imeshatuokoa mara mbili friji ilipokataa kupoza siku za mapumziko.

Tangu siku ile, aliyeleta kifaa chake saa ya chai aliongezewa swali, na wengi wetu lilitukera kabla hatujalielewa: "Nikikuambia kifaa ni kizima, nyumbani kwako atalaumiwa nani?" Alilisubiri jibu kabla ya kushika bisibisi. Wapo waliochukua kompyuta zao wakarudi nazo nyumbani kuzungumza kwanza. Mmoja wao hakuileta tena.

Ulipofika wakati wa kumtafutia zawadi, kamati ya kuaga ilikwama. Kila mjumbe alitaka anunuliwe kompyuta, na hakuna aliyethubutu kuichagua. Aliyekuwa akituchagulia siku zote ni yeye. Basi akatumwa mfamasia, kwa ujanja.

"Mama, kuna shangazi yangu anastaafu. Tunataka kumnunulia kompyuta. Unatushauri aina gani?"

Alivua miwani. "Anastaafu lini?"

"Mwisho wa mwezi huu."

"Anafanya kazi gani?"

"Yuko… yuko upande wa afya."

"Ana wasiwasi?"

Mfamasia akainamia chai yake kama imedondokewa na kitu.

"Mwambie shangazi yako," alisema Mama Wasiwasi, akiirudisha miwani, "kompyuta anazo, na zote amezifungua kwa mkono wake. Anachoogopa ni kuamka Jumatatu asiulizwe kitu na mtu. Kama mnataka kumnunulia, mnunulieni viti. Watu wakija na shida zao wapate pa kukaa."

Mfamasia aliturudia na majibu hayo, macho mekundu, akasingizia vumbi.

Tumenunua viti. Ameshavikagua: amevipindua, amevitikisa miguu, amekaza skrubu ya kimoja na kuuliza nani aliyetuambia kwamba ni mbao za mninga.

Mama, tunakushukuru kwa kila jibu ulilolirudia wakati sisi tulitaka kwenda nyumbani, na kwa watu ambao hawatajua kamwe kwamba uliwaepusha na makosa yetu. Ukapumzike vizuri, wewe na mzee, kwa afya na furaha. Jumatatu ya kwanza usijali kelele utakazosikia getini. Ni sisi, kila mtu na waya wake mkononi.