Lifti Ianzie Wapi: Miaka Thelathini na Moja ya Mama Nukta

Baada ya miaka thelathini na moja katika chumba chetu cha michoro, Mama Nukta anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wajukuu wanamsubiri kwa hamu. Sisi tuna hofu kidogo.

Aliajiriwa kuchora nyaya za lifti. Zilipoanza kuendeshwa kwa kompyuta, akawa wa kwanza kuchora hali zake: imesimama, inapanda, inashuka, milango wazi. Jina la utani alilipata kwa ukali wake juu ya jambo moja. Kila mchoro sharti uanze na nukta nyeusi, yenye mshale mmoja unaoelekea kwenye hali ambayo lifti huanza nayo kila umeme unapowaka. Mchoro usio na nukta aliurudisha, na mwenyewe ulijua kosa lako. Mumewe anatuambia hata orodha ya sokoni ina nukta yake.

Wakati fulani tulitakiwa kukabidhi lifti ya hospitali ya wazazi kesho yake. Mchoraji mmoja, akiwa bado kwenye miezi ya majaribio, alijitia ujanja: mshale wa nukta akauelekeza kwenye “inapanda”, ili umeme ukirudi wagonjwa wasicheleweshwe. Mkuu wa karakana alishatia sahihi. Mama Nukta akakataa katakata. Alikiburuta kiti cha mchoraji, akakiweka nusu ndani, nusu nje ya lifti, kisha akamwomba fundi umeme azime na kuwasha. Lifti ikapanda milango ikiwa wazi. Kiti kikabaki vipande viwili.

Hakuna aliyecheka siku hiyo. Alikaa na mchoraji mchana kutwa, wakahamishia mshale kwenye “imesimama”, ambapo lifti hukagua milango kwanza, halafu husogea taratibu hadi ghorofa ya karibu. Alipoulizwa kosa ni la nani, alisema ni la ofisi nzima, na kwamba kile kiti kilikuwa kibovu tangu zamani.

Mchoraji yule ni mimi. Kazi sikupoteza. Miezi minne baadaye mke wangu alipandishwa na lifti ile ile, uchungu umeshika, na umeme ukakatika njiani. Uliporudi, lifti ilitulia, ikasogea, ikafunguka mbele ya wakunga.

Asante, Mama. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha tele. Binti yetu sasa ana miaka kumi na miwili, na hukuwahi kuuliza kwa nini tulimfanya somo yako.