Mkunga Aliyetunza Majina Yetu Kichwani

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupokea watoto katika zahanati yetu, mkunga mkuu anastaafu. Tunamwita Bibi Taratibu, maana hata mama akipiga kelele kwamba mtoto huyo anakuja, yeye kwanza ananawa mikono, tena mara mbili.

Sisi kina mama wa msituni tulikuwa tukizalishana wenyewe, na dawa tukichuma wenyewe. Vita vilipoingia tulikimbilia huku na watoto mgongoni. Msitu ukabaki na wenye bunduki, dawa zetu zikabaki humo humo.

Zahanati tuliiogopa. Wenye bunduki walikuwa wakipita na orodha, na aliyesomwa jina hakurudi. Siku moja karani mgeni wa zahanati akasimama mlangoni na daftari, akaanza kuita majina kwa sauti, kwa nia njema kabisa. Kufumba na kufumbua, benchi tupu. Mwenzetu mmoja alikwenda kujifungulia nyuma ya kisima, peke yake. Mtoto hakuishi.

Tangu siku hiyo Bibi anaandika nambari tu. Jina mama anamnong'oneza sikioni, naye analiweka kichwani. Wakubwa walipofoka, aliwajibu kwamba kichwa chake hakina kufuli la kuvunjwa. Mwaka jana wenye bunduki walipekua kabati lote la wodi. Waliondoka na nambari.

Mimi nilikuwa nambari kumi na saba. Leo ni mhudumu wa wodi, na kazi ya kutunza majina nimeachiwa mimi. Kusema kweli, roho haijatulia. Miezi mitatu sasa Bibi ananifundisha mama mmoja mmoja: nani damu haimtoshi, nani alipasuliwa, nani mumewe hajulikani aliko. Nikikosea ananiambia rudia, mwanangu, hapa mtihani ukifeli mtu anazikwa. Majina nimeyashika. Hofu yangu ni moja: je, wataniamini? Wasipokuja, watajifungulia vichakani.

Jumanne alikuja binti wa mimba ya kwanza. Alimtazama Bibi, akanitazama mimi na mwanangu niliyembeba mgongoni, akamtazama Bibi tena. Bibi akatoka nje, akatuachia chumba. Binti akasogea, akainama kwenye sikio langu.

Asante, Bibi, kwa kila mtoto wetu anayetembea leo. Siku zako ziwe ndefu, na amani ikukute ungali na nguvu za kuifurahia. Na jina la yule binti, usiniulize.