Mkono wa Mfalme Kutu

Ndani ya basi hapa Pittsburgh, binti mmoja aliyeketi mbele yangu alikuwa akimchora Mfalme Kutu, yule adui wa katuni za Jumamosi asubuhi. Mzee aliyeketi kando yake, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema, "Binti, umekosea. Kutu ana mikono miwili."

"Huyo wa kwenye televisheni, mzee. Huyu ni mwanasesere wangu wa utotoni. Mkono mmoja ulitafunwa na mbwa."

"Basi hujamchora Kutu, umechora kazi ya mbwa! Wangu yuko mzima kama alivyotoka dukani. Mama alinikataza kufungua boksi, na mpaka leo halijafunguliwa."

Binti akaacha kuchora. "Kwa hiyo hujawahi kucheza naye?"

Basi likasimama. Kila siku mzee huyu hushuka nami mwisho wa njia. Leo alishuka hapo hapo.