Msumari wa Ragnhild

Dada yangu, Profesa Ragnhild Sjödin, alizaliwa tarehe 14 Novemba 1968 mjini Skellefteå, kaskazini mwa Uswidi, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Evert na mama yetu Maj-Britt. Alizaliwa na wasiwasi wake. Tukiwa njiani kwenda kanisani alimrudisha baba nyumbani akatazame jiko, na siku zote jiko lilikuwa limezimwa.

Alisomea kemia katika Chuo Kikuu cha Umeå. Mwaka 1998, wiki tatu kabla ya kutetea tasnifu yake ya udaktari, aliigongomea ukutani chuoni, kama ilivyo desturi yetu, ili kila apitaye aitafutie makosa. Wenzake waligonga msumari wakaenda zao kunywa kahawa. Yeye alisimama pale kutwa nzima akiwasihi watu: "Tafuteni jamani, kosa lipo!" Halikupatikana.

Alifunga ndoa na Yngve tarehe 9 Juni 2001, wakajaliwa binti mmoja, Tyra. Ragnhild aliifundisha kompyuta, kwa akili unde, kubuni dawa za kuua bakteria sugu. Yngve alizitengeneza maabarani. "Mashine yako inaota tu, mke wangu," alimtania, "anayeosha vyombo ni mimi."

Mwaka 2019, sifa zikiwa zimempamba, aligundua kwamba kompyuta yake ilipimwa kwa kemikali zilezile ilizofundishiwa. Ni kama mwanafunzi aliyeuona mtihani mapema! Hakuna aliyejua ila yeye. Akaitangaza makala iliyompa sifa hizo kuwa batili mbele ya dunia nzima, akaanza upya. Aibu ile ilimuuma sana, nasi tuliumia naye.

Kompyuta mpya ilichagua dawa moja, na tangu mwaka jana imekuwa ikijaribiwa kwa wagonjwa. Mwezi Oktoba yeye mwenyewe akakutwa na saratani ya kongosho. Kitandani hakuuliza habari zake.

"Torsten, wale wagonjwa wanaendeleaje?"

"Dada, hebu lala."

"Nitalalaje? Nikiwa nimekosea tena, safari hii wanaomeza ni watu!"

Alifariki tarehe 9 Februari 2024, Yngve akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti, mama, mimi mdogo wake, na wagonjwa thelathini na mmoja ambao hakuwahi kuwaona. Matokeo yao yatatoka Jumanne ijayo. Aliniachia nyundo, msumari mmoja na agizo: yawe mazuri, yawe mabaya, niyagongomee kwenye ukuta uleule. Naogopa, sifichi.

Tunamwombea apumzike kwa amani. Ila namjua dada yangu: kabla ya Jumanne, hapumziki.