Karani Aliyeikalia Hati ya Lori

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne kazini, karani wetu wa pembejeo anakabidhi funguo za ghala. Wakulima humwita Bibi Rula, kwa kuwa hajawahi kufuta jina bila kunyoosha mstari. Alianza kwa kuhesabu magunia matupu, akapanda hadi kushika daftari la kaya zinazopewa mbegu na mbolea za serikali: wajane, wazee, wagonjwa, watu wasio na uwezo wa kununua.

Ni mkali, tusidanganyane. Siku yangu ya kwanza alinifukuza ghalani kwa kukalia mfuko wa mbegu. Lakini tukimsifu bila kuutaja msimu ule wa miaka tisa iliyopita, atatununia.

Idara iliagiza marehemu waondolewe daftarini. Bibi Rula akapiga mistari arobaini na mitatu, safi kabisa, nasi tukampongeza. Hakuna aliyekumbuka kwamba kaya huandikwa kwa jina la mume. Siku ya kugawa, mvua za kupandia zikiwa zimeshaanza, mjane mmoja aliyekataliwa mlangoni alimwambia, "Aliyekufa ni mume wangu, mwanangu. Mimi bado nipo." Nyuma yake walipanga foleni wajane wenzake. Nilimwona Bibi Rula akishikilia meza.

Mifuko iliyobaki ilitakiwa irudi bohari kuu saa kumi jioni. Kwa simu, mkuu wa idara alisema wajane wasubiri orodha mpya, wiki tatu. Wakati huo msimu wa kupanda ungekuwa umekwisha. Dereva wa lori lililokuja kuichukua hakuruhusiwa kuondoka bila hati yenye saini ya karani, basi Bibi Rula akaiweka kitini, akaikalia. Dereva alibembeleza, akafoka, akapiga honi. Saa kumi ikapita. Sisi wengine tulijifanya tunapanga mafaili, roho mkononi.

Mkuu alikuja mwenyewe, amefura. Bibi Rula hakujitetea. Aliandika mbele yake kwamba kosa ni lake, na kwamba mfuko hata mmoja ukienda kwa asiyestahili, afukuzwe kazi. Mkuu alisoma mara mbili, akasaini kwa sharti moja: apewe aliyepo tu, mifuko mingine irudi. Tuligawa tukiwa tumelowa chapachapa. Bibi Rula alipata barua ya onyo na kukosa cheo mwaka ule. Leo fomu zetu zina nafasi ya jina la mke, na aliyeidai ni yeye.

Rasimu ya wasifu huu nilimpelekea jana. Nilikuwa nimeandika kwamba wajane wote walipata. Amenirudishia na kuniamuru niandike ukweli: walipata arobaini na mmoja. Wawili walikuwa wamekata tamaa na kwenda zao kabla mkuu hajafika, na msimu ule hawakuvuna kitu.

Nimeandika, mama. Asante kwa kazi yako yote. Nenda kapumzike, na afya njema iwe nawe.